Tuurudishe Mmea wa Wanga Kivulini mwa Miti Yetu

Katika majumba mengi ya mwambao wetu, tangu Lamu na Malindi hadi Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mikindani, na kadhalika katika mashamba ya Unguja na Pemba, ipo sehemu ya kiwanja ambayo wenyewe wamekwisha kuikatia tamaa, nayo ni ile iliyo chini ya mwembe mkubwa, au mshelisheli, au safu za minazi, mahali ambapo mahindi yakipandwa hurefuka pasipo kubeba, muhogo hutoa mashina membamba na mizizi isiyotosha chungu, na mchicha hunyong'onyea kabla ya kuchumwa. Sehemu hiyo hufagiliwa kila asubuhi, ikashindiliwa kwa nyayo hata ikawa ngumu, ikaachiwa kuku. Na mwenye nyumba akiulizwa kwa nini haipandi kitu, hujibu kwa yakini ya mtu aliyekwisha kujaribu kwamba penye kivuli hapana mavuno. Nakusudia katika makala hii kuipinga kauli hiyo, si kwa kuwaomba watu wakate miti yao, maana mwembe na mnazi ni neema ambayo aikatae nani, bali kwa kuwakumbusha kwamba upo mmea wa pwani hii hii, wenye kiazi kiliwacho na sura ipendezayo macho, ambao haukuwahi kukichukia kivuli, na ambao sisi wenyewe tumeusahau bila ya kosa lake. Huo ni mmea wa wanga.

Nisemapo mmea wa wanga sikusudii muhogo, wala mahindi, wala kiazi kingine chochote ambacho nacho chaweza kukamuliwa kikatoa unga mweupe. Nakusudia mmea mmoja mahususi, uotao wenyewe katika vichaka vya pwani, katika ardhi ya mchanga na penye mawe ya matumbawe, na hata bara katika misitu ya miti iliyoachana, ambao wataalamu huuita Tacca leontopetaloides. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, kiazi chake hutoa jani moja au machache tu, nalo hubebwa na kikonyo kirefu chenye mifuo nje na uwazi ndani, ambacho chaweza kufika kimo cha mita moja na zaidi. Na jani lenyewe hugawanyika kwanza sehemu tatu, kisha kila sehemu ikachanika kingoni kwa mikato ya kina, hata likatandaa juu ya nyasi zote zilizo jirani yake. Baadaye huchomoza bua la maua, lililonyooka, lisilo na jani hata moja, ambalo huweza kufika kimo cha mtu mzima au kukizidi, na kileleni pake hukusanyika maua ya kijani kilichoingiwa na zambarau, yakiwa yamezungukwa na vijani vya kuyasitiri, na kati yake zikining'inia nyuzi nyembamba ndefu mfano wa sharubu za kambare. Matunda yake huwa na mbavu, hupata rangi ya manjano yakiiva, na ndani hujaa mbegu. Kisha mvua hukatika, ardhi hukauka, jani hugeuka manjano, hulala na kutoweka kabisa, na mtu asiyeujua mmea hudhani kuwa umekufa, ilhali nguvu zake zote zimeteremkia katika kiazi kipya kilichochukua mahali pa kile cha mwaka uliopita.

Tabia hiyo ndiyo siri ya kustahimili kwake kivulini. Mazao ya jua kali hujengwa na mwanga mwingi wa siku nyingi, nayo yakinyimwa mwanga hushughulika kurefuka ili kuutafuta, yasibakiwe na akiba ya kuweka katika gunzi au mzizi. Lakini mmea huu hutandaza jani lake pana ili kuipokea nuru kidogo ipenyayo baina ya makuti na matawi, huifanyia kazi katika miezi ya mvua peke yake, na faida yote huiweka chini. Haudai maji wakati wa kiangazi, kwa kuwa wakati huo umelala. Haushindani na mwembe kwa jua, kwa kuwa haulihitaji lote. Na haumpi mwenye shamba shughuli ya kila siku, kwa kuwa sehemu nzima ya mwaka haupo machoni pake.

Wala mmea huu si wa pwani yetu tu. Huonekana tangu Afrika ya Magharibi, ukapita Afrika ya Mashariki na Bukini, ukaenda Bara Hindi na nchi za Asia ya kusini mashariki, hadi Australia ya kaskazini na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeviweka viumbe hai katika majina mawili mawili, aliupa jina mwaka 1753. Johann Reinhold Forster na mwanawe Georg, waliosafiri na Kapteni James Cook katika safari yake ya pili, baina ya 1772 na 1775, wakaukuta visiwani Pasifiki na kuuandika kwa jina jingine. Na jina linalotumika hadi leo lilithibitishwa na Otto Kuntze mwaka 1891. Zamani uliwekwa katika aila yake peke yake, lakini sasa wataalamu wameuunganisha na aila ya viazi vikuu, jambo ambalo halitamshangaza mkulima wa Pemba aliyezoea kuona mimea ya jamii hiyo ikifa juu na kuishi chini.

Watu walioutukuza kuliko wote ni wakazi wa visiwa hivyo vya Pasifiki. Wazee wao, walipohama kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa mitumbwi ya tanga, wakikata bahari ambayo upana wake hutia hofu hata wenye merikebu za chuma, walichagua kwa uangalifu mimea michache iliyostahiki kupewa nafasi chomboni, na mmea wa wanga ulikuwa mmoja wao, hata ukafika Hawaii, ambako huitwa pia. Katika visiwa vya Marshall, ambavyo ni vipande vyembamba vya mchanga na matumbawe vilivyoinuka kidogo tu juu ya bahari, na ambako mazao mengi hayawezi kuota, watu waliulima chini ya minazi yao, wakapata nazi juu na wanga chini katika ardhi ile ile. Huko Tahiti mabua ya maua yalichanwa, yakaanikwa hata yakawa meupe, yakasukwa kofia. Na katika kisiwa cha Aneityum, kilicho katika nchi iitwayo sasa Vanuatu, Wakristo wa karne ya 19 walitengeneza wanga mwaka baada ya mwaka, wakaupeleka kuuzwa ng'ambo, na kwa thamani yake wakalipia uchapishaji wa Biblia katika lugha yao wenyewe. Ikiwa watu wa kisiwa kidogo, wasio na dhahabu wala pembe za ndovu, waliweza kwa kiazi hiki kujinunulia kitabu walichokithamini kuliko vitu vyote, sioni vipi sisi, wenye mashamba mapana na bandari kubwa, tunaweza kukiita kiazi hicho hicho gugu la mwituni.

Kwetu pwani, wanga wa mmea huu ulijulikana: unga mweupe, mwororo, usio na harufu, ulaini wake ukihisika baina ya vidole, ambao ukipikwa na maji hushikamana na kung'aa. Hali ya ulaini huo na urahisi wa kumeng'enywa ndiyo iliyofanya wanga wa namna hii, katika nchi nyingi, uwe uji wa wagonjwa na wa watu waliotoka kuumwa. Nao walipofikwa na njaa, watu wa Afrika ya Mashariki waliuendea mwituni pamoja na mizizi mingine ya porini. Lakini baadaye yalikuja mambo matatu ambayo yaliusukuma pembeni. Kwanza, muhogo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini na ulioletwa na merikebu za Wareno, ulienea mwambao mzima, na kwa uzito wa mavuno hakuna kiazi cha kivulini kiwezacho kushindana nao. Pili, madukani ulijaa unga wa mahindi uliosafishwa ukawa mweupe, uliotiwa katika makasha, nao mtu huununua kwa dakika moja bila ya kuchimba wala kukuna. Tatu, na hili ndilo zito, kazi ya kuutengeneza wanga wa mmea huu ilikuwa mikononi mwa watu waliofundishana kwa kutazama na kushika, bila ya kuandika, na kazi ya namna hiyo ikipitwa na kizazi kimoja tu huwa vigumu kuifufua.

Mambo hayo hayakutupata sisi peke yetu. Huko Hawaii kwenyewe, kitindamlo chao mashuhuri kiitwacho haupia, kinachopikwa kwa tui la nazi, hapo kale kilifungwa kwa wanga wa mmea huu, lakini siku hizi aghalabu hufungwa kwa wanga wa mahindi wa dukani. Msomaji wa Unguja atafahamu mara moja, maana halua yake mwenyewe, ile inayokorogwa katika sufuria pana kwa mwiko mrefu hata mikono ikachoka, ikatiwa samli, sukari, iliki na zafarani, haiwi halua bila ya wanga, na wanga huo leo haumtoki mwenye kuipika shambani kwake. Sidai kwamba kila sinia ya halua irudi katika mmea wa kichakani. Nadai tu kwamba nchi yenye mapishi yanayoupenda wanga kiasi hiki, na yenye miti inayotia kivuli kiasi hiki, haina udhuru wa kuuacha mmea wa wanga upotee.

Hoja ya kwanza atakayoitoa mpinzani wangu ni kuwa kiazi hiki ni kichungu na kina sumu, naye atakuwa amesema kweli. Kiazi kibichi kina uchungu mkali na vitu vinavyodhuru tumbo, na mtu yeyote asikile kibichi, wala asikitupe jikoni akakichemsha kama kiazi kikuu akadhani kwamba moto umekwisha kukitakasa. Lakini watu wetu hawakuanza jana kuishi na vyakula vichungu. Muhogo mchungu una sumu iwezayo kuua, na bado vijiji vingi vya kusini na vya magharibi vinaumenya, vinauloweka, vinauanika ukawa makopa, na vinaishi kwao. Wala hatujamsikia mtu akisema kwamba muhogo utupwe. Tofauti ni kwamba elimu ya kuutakasa muhogo imebaki hai kwa sababu inatumika kila mwaka, na elimu ya kuutakasa mmea wa wanga imebaki kwa wachache.

Elimu hiyo si ngumu, bali inataka subira. Viazi vilivyochimbwa huoshwa udongo, vikamenywa ganda, vikakunwa juu ya kitu chenye makwaruzo, kama bati lililotobolewa kwa msumari, hata vikawa ujiuji. Ujiuji huo hutiwa katika maji mengi, ukakorogwa, ukachujwa kwa kitambaa safi ili nyuzi na makapi yabaki juu na maji meupe yapite. Maji hayo huachwa yatulie, na baada ya saa kadhaa wanga hutuama chini, nayo maji ya juu, ambayo yamechukua uchungu, humwagwa mbali na mahali wanapokunywa kuku na mbuzi. Hutiwa maji mapya, ukakorogwa tena, ukaachwa utuame tena, maji yakamwagwa tena. Na jambo hili hurudiwa mara nyingi, mpaka maji yatoke safi na uchungu uishe. Mwisho wanga hutandazwa juani katika kitambaa ukakauka kabisa, ukasagwasagwa kwa mkono, ukahifadhiwa katika chupa kavu, na hapo huweza kukaa muda mrefu pasipo kuharibika. Kila mtu anayetaka kuanza namsihi amtafute kwanza mzee aliyepata kuifanya kazi hii, asimame karibu yake, aone kwa macho yake wingi wa maji na wingi wa marudio. Maana katika jambo la kuondoa sumu, maelezo ya gazeti ni mwanzo tu wa somo.

Hoja ya pili itakuwa kwamba mavuno ni madogo. Hili nalo nalikubali, na ndiyo sababu sishauri mtu apasue konde lake la muhogo au la mpunga akapanda mmea huu. Mahali pake ni pale pasipozaa kitu. Mavuno madogo kutoka mahali palipokuwa patupu ni faida tupu, kwa kuwa hayakuondoa chakula kingine chochote mezani. Na kiazi chake, ingawa aghalabu hakizidi sana kiazi mbatata kikubwa, sehemu yake ya kutosha huwa ni wanga. Kwa upande wa lishe pia nisidanganye: wanga huu ni chakula cha kutia nguvu, hauna utajiri wa kujenga mwili, na mtoto akipewa uji wake mtupu siku baada ya siku atashiba bila ya kukua, kwa hivyo hupaswa kuandamana na maziwa, tui, kunde, samaki au mayai. Lakini kwa mtu ambaye tumbo lake halikubaliani na ngano, kwa mpishi anayetaka mchuzi mzito usio na madonge, na kwa familia inayotaka akiba ndogo ya dharura iliyolala ardhini ikingoja, ni rasilimali ya kweli. Huko Nigeria wataalamu wa madawa wameuchunguza wanga wake na kuona kuwa waweza kutumika kushikamanisha tembe, jambo linaloonyesha kwamba thamani yake haikuishia jikoni.

Sasa nieleze namna ya kuupanda, kwa kuwa rai isiyo na jembe haifiki mbali. Kivuli kinachoufaa ni kivuli chepesi, chenye madoa ya jua yanayohamahama. Kwa hivyo chini ya minazi pana ubora, na chini ya mwembe mnene au mshelisheli ni heri upandwe kandokando ya kivuli kuliko kushikana na shina, maana giza likizidi kiazi hubaki kidogo. Udongo ule ulioshindiliwa kwa miaka hauna budi kutifuliwa, ukachanganywa na majani yaliyooza, na hapa mwenye nyumba atagundua kwamba yale majani ya mwembe aliyokuwa akiyafagia na kuyachoma kila asubuhi ndiyo mbolea yake ya bure. Mchanga haudhuru, kwa sababu mmea huu umezoea pwani. Kinachodhuru ni maji yaliyosimama, kwani kiazi kilicholala katika tope huoza. Vitumike viazi vidogo kuwa vipando, vikifukiwa kina cha sentimita 10 hadi 15, na kati ya kimoja na kingine pawe na nafasi ya nusu mita au zaidi, mara masika yanapokaribia kuanza. Mbegu pia huota, lakini zinachelewa sana, huweza kuchukua miezi, nazo humfaa mtu anayetaka kuzalisha miche mingi kwa muda mrefu. Pale palipopandwa pawekwe kijiti cha alama, ili jembe la mtu asiyejua lisikikate kiazi kilicholala. Baada ya miezi 8 hadi 10, jani likishalala na kukauka, ndipo huchimbwa. Na sheria ya watu wote walioulima mmea huu kwa hekima ni kutwaa viazi vikubwa na kuvirudisha ardhini vidogo siku hiyo hiyo.

Nimekwisha kusema mengi juu ya tumbo, nami sitaki kulidharau jicho. Desturi ya siku hizi ni kwamba mtu akipata nyumba nzuri huenda kwenye bustani za kuuzia miche, akatoa fedha nyingi kununua mimea ya mapambo iliyotoka nchi za mbali, ambayo mingine huhitaji kunyunyiziwa kila siku na hufa mara mwenye nyumba anaposafiri. Wazungu wenye bustani za vioo huko Ulaya wameuthamini kwa miaka mingi ndugu wa mmea wetu, Tacca chantrieri wa Asia ya kusini mashariki, ambaye maua yake meusi yenye nyuzi ndefu wameyafananisha na popo, naye huuzwa katika vyungu kama kitu cha ajabu. Nasi tunaye ndugu yake kichakani, mwenye jani la fahari zaidi na bua refu zaidi, asiyehitaji bustani ya vioo wala mtumishi wa kumwagilia, na hatumpi hata nafasi ya kando ya ukuta. Pandeni mitano au sita pamoja chini ya mti, na mvua zikija mtapata uani kwenu pambo ambalo mgeni atasimama kuliuliza jina. Na akiambiwa kwamba chini ya pambo hilo pana chakula, heshima yake kwa nyumba hiyo itaongezeka.

Tukiitazama historia ya elimu ya kilimo katika nchi zetu, tutaona kwamba usahaulifu huu ulikuwa na sababu yake. Wajerumani walipoanzisha taasisi ya Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, bustani yake ilijazwa mimea kutoka pembe zote za dunia, ikajaribiwa mipira, kahawa, na miti ya kwinini, kwa maana kusudi lilikuwa mazao ya kusafirishwa na kuuzwa nje. Sina ugomvi na utafiti ule, ambao baadhi ya matunda yake tunayala hadi leo. Lakini uhuru ulipopatikana, kipimo kile kile cha thamani kilibaki vichwani mwetu, kwamba zao ni lile linalopimwa bandarini, na kile kinachochimbwa na mwanamke nyuma ya nyumba yake kwa ajili ya uji wa mgonjwa si zao bali ni jambo la nyumbani. Kipimo hicho kimetufanya tuwe maskini wa maarifa katikati ya utajiri wa mimea. Huko Mtwara na Lindi ming'oko bado huchimbwa, ikachemshwa na kuuzwa sokoni, na hakuna aonaye haya kuila. Mfano huo watosha kuonyesha kwamba kiazi cha porini kikipewa staha na soko hakipotei.

Kwa hiyo nina maombi kwa wale walio na madaraka. Vituo vya utafiti vilivyo karibu na ardhi ya mmea huu, kama kile cha Kibaha, cha Kizimbani huko Unguja, na cha Mtwapa nchini Kenya, vingefaa kukusanya viazi vya mmea huu kutoka sehemu mbalimbali za mwambao, vikavipanda bega kwa bega chini ya minazi, vikachagua vile vyenye wanga mwingi na uchungu mdogo, kisha vikavigawa kwa wakulima kama vinavyogawa vipando vya muhogo. Shule zilizo na miti mikubwa viwanjani zingeweza kuwa na vitalu vyake, na wanafunzi wakajifunza katika kitalu kimoja elimu ya mimea, ya kemia ya kuutenganisha wanga na maji, na ya historia ya bahari. Na wazee wanaojua kazi ya kukuna na kutuamisha waitwe, walipwe, waandikwe, wapigwe picha wakiwa kazini, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na wa kuitwa.

Jambo moja lisifanywe: watu wasiende katika misitu iliyohifadhiwa wakang'oa. Makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, yamehifadhi mimea mingi ya pwani kwa sababu wazee waliyawekea miko, na haitakuwa ihsani kuuhuisha mmea mmoja kwa kuyavunja makao yake. Vipando vitafutwe kwa jirani, katika mashamba yaliyoachwa, kandokando ya njia na katika vichaka ambavyo vinakaribia kufyekwa kwa ujenzi, ambamo kila kiazi kinachookolewa kimenusurika na tingatinga.

Na kwa mwenye nyumba wa kawaida, asiye na cheo wala kituo cha utafiti, ombi langu ni jepesi. Masika yajayo, kabla mvua haijatia nguvu, atifue hatua chache za ile ardhi aliyoikatia tamaa, aitie majani yaliyooza, apande viazi vichache vya mmea wa wanga, na asivichimbe mwaka wa kwanza ikiwa ni vichache mno, bali avipishe mwaka vipate kukua na kuota vingine. Mwaka wa pili achimbe vikubwa, amwalike mtu mzima ajuaye kazi, na awaite watoto wake watazame tangu kukuna hadi kuanika. Atakapowagawia majirani vile viazi vidogo, awagawie pamoja navyo na maelezo ya namna ya kuviosha, kwa kuwa kiazi hiki bila ya elimu yake ni madhara, na elimu yake bila ya kiazi ni hadithi tu. Viwili hivyo havina budi kupita mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba, ikiwa kweli tunataka vijukuu vyetu wavikute vyote viwili.